Nyanya Zilizogoma Kuja Kitengela

Mbaluka alipenda mstari ulionyooka. Alipenda viatu vipangwe kwa mstari mlangoni. Alipenda vikombe vipangwe kwa mstari kabatini. Hata kuku wake, kama wangemsikia, angewapanga kwa mstari kabla ya kuwatupia mahindi.

Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa vibarua katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Alipostaafu, yeye na mkewe Nthambi walijenga nyumba ya mabati Kitengela, nyuma ya soko dogo. Alihama na kitanda, baiskeli, na firimbi yake ya kazini.

Nthambi aliuza nyanya na vitunguu katika soko hilo. Kila asubuhi alitandaza gunia lake chini. Alipanga nyanya mafungu mafungu, akaketi nyuma yake na kuita wateja.

Soko lenyewe lilikuwa na kelele nyingi. Walikuwapo Wakamba kama Nthambi. Walikuwapo Waluhya, Wajaluo na Wakikuyu. Akina mama wa Kimaasai walileta maziwa kwa vibuyu. "Supa!" walisalimu. "Epa!" watu walijibu, hata wale ambao Kimaasai chao kiliishia hapo.

Mwenyekiti wa soko alipohama, wafanyabiashara walimwomba Mbaluka achukue nafasi yake.

"Mzee Mbaluka ni mtu wa haki," walisema.

Na ni kweli. Mbaluka hakula hongo. Hakumwonea mtu kwa sababu ya kabila lake. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Aliamini kwamba mahali pasipo na mtu wa kuamrisha pana fujo.

"Mama Munyiva," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao, "soko ni kama kiwanda. Lazima kuwe na mtu mmoja anajua kila kitu kinaenda wapi."

Nthambi alicheka. "Na ni nani huyo anajua kila kitu?"

"Nitajua mimi," alisema Mbaluka, akaenda kutafuta firimbi yake.

Kuanzia siku hiyo soko lilifunguliwa kwa firimbi na kufungwa kwa firimbi. Wauza vitunguu waliambiwa wakae kushoto. Wauza ndizi waliambiwa wakae kulia. Mama mmoja aliyeuza ndizi na vitunguu pamoja alisimama katikati asijue aende wapi.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Ilianza mwishoni mwa mwaka wa 1997, na mwaka wa 1998 ulipoingia bado ilikuwa inanyesha. Udongo mweusi wa Kitengela uligeuka kuwa ugali. Ulivua watu viatu na kuvimeza.

Mbaluka hakukaa bure. Alikusanya vijana wakabeba mawe. Wakatengeneza njia kutoka barabara kuu hadi sokoni. Njia ilinyooka kama rula. Mbaluka aliitazama akafurahi sana.

Lakini katikati ya njia palikuwa na bonde dogo. Maji yalijaa hapo mpaka mawe yakazama. Watu wakaanza kupitia kando, kwenye vichaka. Mbaluka akaziba huko kwa matawi ya miiba. Watu wakaruka miiba.

Asubuhi moja Nelima alimkuta amesimama hapo, mikono kiunoni. Nelima alikuwa jirani yao. Alitoka Bungoma, naye alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika darasa la ngumbaru, pale kanisani. Nthambi alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, hebu ona!" alisema Mbaluka. "Nimewatengenezea njia, lakini wanapita kwa kichaka kama mbuzi!"

Nelima aliitazama ile njia ya vichakani. Ilipinda kushoto, ikafuata ua wa nyumba ya jirani, ikapanda mahali penye changarawe, kisha ikarudi kulia hadi sokoni. Haikuwa na tone la maji.

"Mzee, hii ya kichaka nani ameichora?" aliuliza.

"Hakuna mtu ameichora. Si unaona vile imepinda?"

"Lakini ni kavu."

Mbaluka aliinama, akaigusa changarawe kwa kidole.

"Mtu wa kwanza alijaribu hapa, akazama," alisema Nelima. "Wa pili akajaribu pale, akapita. Wa tatu akaona nyayo, akazifuata. Wa nne akapata mahali pazuri zaidi. Kila mmoja ameongeza kitu kidogo anachojua. Sasa ni njia, na hakuna aliyepuliza firimbi."

"Hiyo ni bahati tu, mwalimu," alisema Mbaluka. Akaenda zake sokoni. Alipita kwa njia yake ya mawe, na maji yakamfika kwenye magoti.

Mvua ilizidi. Nyanya nyingi zilioza mashambani. Barabara ya kutoka Loitokitok, zinakolimwa nyanya, kupitia Emali ilikatika. Nyanya chache zilizofika Kitengela zilikuwa ghali. Bei ilipanda leo, ikapanda tena kesho.

Watu walilalamika. Mzee Wathome, aliyeishi peke yake na ambaye kila siku alinunua nyanya moja tu ya mchuzi, alishika nyanya mkononi, akauliza bei, akairudisha pole pole kwenye gunia.

Mbaluka alimwona. Jambo hilo lilimchoma moyo. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alisimama juu ya kreti, akapuliza firimbi.

"Sikizeni! Kuanzia leo, nyanya zitauzwa kwa bei ile ya kabla ya mvua! Atakayezidisha hata kidogo, nitamfukuza sokoni. Hata awe mke wangu!"

Wanunuzi walipiga vigelegele. Mzee Wathome alivua kofia. Mbaluka alishuka kwenye kreti akiwa amejaa furaha.

Siku hiyo nyanya zote ziliisha mapema. Waliofika kwanza walinunua kwa ndoo. Mwenye hoteli alizoa kreti nzima. Mzee Wathome, ambaye miguu yake haikuwa na mbio, alifika akakuta magunia matupu.

Wiki iliyofuata hapakuwa na nyanya sokoni. Wiki ya pili vilevile.

"Baba Munyiva," Nthambi alisema wakiwa mezani, "nyanya nanunua kwa wenye pikapu. Wao wananiuzia kwa bei ya juu. Wewe umesema niuze kwa bei ya chini. Hiyo katikati nitoe wapi?"

"Vumilia kidogo. Ni kwa faida ya watu wote."

"Watu gani? Wateja wangu wameenda. Wakikosa nyanya, hawanunui hata vitunguu. Leo nimeuza nini? Nimeuza salamu tu!"

Mbaluka alitia tonge mdomoni, akatafuna. Mchuzi ulikuwa mtamu. Ulikuwa mwekundu. Akaacha kutafuna.

"Hii ni nyanya?"

"Kula chakula."

"Nthambi, hizi nyanya zimetoka wapi?"

"Chini ya gunia la omena la Jentrix," alisema Nthambi bila kuinua macho. "Na usiniulize nimenunua kwa bei gani. Utanifukuza nyumbani."

Mbaluka alitaka kukasirika. Lakini tonge lilikuwa mdomoni tayari. Akameza. Akajiona mnyonge. Amri yake mwenyewe ilikuwa imevunjwa ndani ya sahani yake mwenyewe.

Kesho yake alienda moja kwa moja kwa Jentrix. Jentrix aliuza omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, jirani na Nthambi. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye ulimi usio na breki.

"Jentrix, nasikia uko na nyanya chini ya gunia."

"Zilikuwa, mzee. Zimeisha," alisema Jentrix. "Bei yako ni nzuri kabisa. Hakuna mtu anaipinga. Sasa tuonyeshe nyanya zenyewe, tuzinunue kwa hiyo bei."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mbaluka alitoka sokoni mpaka barabara kuu, apunge hewa.

Hapo ndipo alipoiona pikapu imejaa kreti za nyanya. Ilitoka upande wa Kajiado, nayo ilikuwa inapita Kitengela bila hata kupunguza mwendo. Mbaluka aliruka kando ya barabara, akapuliza firimbi kwa nguvu zote. Dereva alidhani ni polisi. Akasimama.

Dereva aliitwa Mulinge. Alikuwa mkulima wa Rombo, karibu na mpaka wa Tanzania. Alilima nyanya kwa maji ya mfereji. Zamani alimletea Nthambi nyanya kila wiki.

"Mulinge! Unapita wapi na nyanya na sisi tuko na njaa?"

"Naenda Nairobi, mzee."

"Kwa nini husimami Kitengela?"

Mulinge alishuka. Pikapu ilikuwa na matope mpaka kwenye madirisha.

"Mzee, angalia hii gari," alisema. "Njia ya Emali imekatika. Nimezunguka na Namanga. Nimekwama kwa matope, nikamlipa mwenye trekta anivute. Nikakwama tena mbele. Kreti zingine zimeoza kabla sijafika. Kwa bei yako ya zamani, hata pesa ya trekta sipati. Nikiuza kwako leo, wiki ijayo sina mafuta ya kuja."

Mbaluka aliwaza. Hakuwa amefikiria habari ya trekta.

"Sawa," alisema. "Mimi si mtu mbaya. Nitaongeza bei. Niambie bei ya haki ni gani, niitangaze sasa hivi."

Mulinge alicheka, lakini si kwa dharau. "Ya haki ya lini? Leo kuna trekta. Kesho jua likiwaka, sitaihitaji. Jirani yangu shamba lake limefurika, langu halijafurika. Tanzania nao wanavuna lini, sijui. Hao watu wako Kitengela watataka nyanya ngapi, sijui. Wewe unajua?"

"Sijui," Mbaluka alikiri.

"Hakuna anayejua yote. Kila mtu anajua kipande chake. Mimi shambani sina simu, mzee. Bei ndiyo simu yangu. Ikipanda Kitengela, nasikia huko watu wanaita nyanya. Nakuja mbio. Jirani yangu naye anasikia, anakuja. Tukijaa wengi, bei inashuka. Hapo nasikia ya kwamba zimetosha, napanda vitunguu. Wewe ulipofunga bei, ulikata waya wa simu. Sisi huko tulidhani Kitengela hamna haja ya nyanya."

Akapanda gari lake akaenda. Mbaluka alibaki ameshika firimbi, haipulizi wala haiweki mfukoni.

Jumamosi palifanyika mkutano wa soko. Watu walikuja wakiwa na hasira. Wauza nyanya walisema watahama, waende wakauzie kando ya barabara. Wauza vitunguu walisema nyanya zikihama, nao wanazifuata.

"Soko linakufa!" alisema mmoja.

"Kaeni chini! Mtu mmoja mmoja!" Mbaluka aliita. Akapuliza firimbi.

Kabla hajaimaliza, mlio mwingine ulisikika angani. Vuuuuu! Wingu jeusi la nyuki lilipita juu ya vichwa, likazunguka, likatua kwenye tawi la mti uliokuwa katikati ya soko. Mkutano ulivunjika bila mtu kuufunga. Jentrix alijifunika kwa gunia la omena. Mwenye hoteli alijifungia ndani ya choo cha soko, akakataa kutoka.

Mbaluka peke yake hakukimbia. Alikuwa Mkamba wa Kitui, na baba yake alikuwa mfugaji wa nyuki. Alilitazama lile bumba la nyuki linaloning'inia, akatabasamu kama mtoto.

"Msiogope!" aliwaambia watu waliojificha. "Hawa wamehama mzinga wao. Hawana nyumba wala asali ya kulinda, kwa hivyo si wakali sana. Msiwarushie kitu. Watapumzika, halafu wataenda."

Watu walisogea pole pole, wakasimama mbali. Nelima alikuwa miongoni mwao.

"Wataenda wapi, mzee?" aliuliza.

"Bado hawajajua. Angalia, wengine wanatoka na kurudi. Hao wanatafuta mahali. Mmoja anaona shimo la mti, mwingine anaona mwamba. Wanarudi kuwaambia wenzao. Wenzao nao wanaenda kuhakikisha. Pakiwa pabaya, wanaachana napo. Pakiwa pazuri, wanaongezeka wanaoenda, mpaka wote wanakubaliana."

"Nimesoma kwamba wanaambiana kwa kucheza," alisema Nelima. "Anayeleta habari nzuri anacheza sana."

"Sikusoma, lakini nimeona."

"Na malkia ndiye anatoa amri ya mwisho?"

"Malkia!" Mbaluka alicheka kwa sauti. "Watu wanadhani malkia ni D.C. wa wilaya! Malkia kazi yake ni kutaga mayai. Hajui hata nyumba iko wapi. Yeye anafuata tu. Nyuki hakuna anayewaamrisha. Ingekuwa kuna mmoja wa kuamua yote, na huyo mmoja akose, wote wangekufa..."

Akasikia maneno yake mwenyewe. Watu wote walikuwa wanamtazama. Nthambi aliziba mdomo kwa leso asicheke.

Mbaluka alijikuna kichwa. Kisha akaanza kucheka mwenyewe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na soko lote likacheka naye.

"Mwalimu," alisema alipopata pumzi, "umenitega."

"Sijakutega, mzee. Umesema mwenyewe."

"Basi niambie. Kwa hivyo mwenyekiti hana kazi? Tuache kila mtu afanye anavyotaka?"

"Hapana," alisema Nelima. "Baba yako alikuwa na kazi gani kwa nyuki?"

Mbaluka aliwaza. "Alitundika mzinga. Aliusafisha, akaupaka nta, akauweka mahali pasipo na siafu. Alifukuza wezi wa asali. Hayo tu. Kuwaita nyuki kwa nguvu hakuweza."

"Basi hata soko linahitaji mtu wa kufukuza wezi. Linahitaji sheria. Lakini sheria si sawa na amri. Amri inasema: wewe Nthambi, uza hiki, pale, kwa bei hii. Sheria inasema: yeyote atakayeuza, asidanganye kipimo. Amri inamtazama mtu. Sheria haimtazami mtu usoni. Ukishaijua, unapanga mambo yako mwenyewe, na mwenzako anapanga yake."

"Na fujo?"

"Fujo inatoka pale mtu anapodanganya, anapoiba, au anapomzuia mwenzake kwa nguvu. Hizo ndizo za kukataza. Mengine watu wataelewana."

Nyuki waliondoka alasiri ile, wakaelekea upande wa mto. Watu wakarudi kwenye mkutano. Mwenye hoteli aliletwa kutoka chooni.

Mbaluka hakupanda kreti. Alisimama chini kama wengine.

"Nilitaka kuwasaidia wanyonge, nikawakosesha nyanya," alisema. "Nimefuta ile bei. Muuzaji na mnunuzi wataelewana wenyewe. Lakini kuna jambo moja linanisumbua. Mzee Wathome atakula nini wakati bei iko juu?"

Watu walimgeukia Mzee Wathome. Kisha Nthambi alisimama. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu.

"Tuweke kikapu hapa mlangoni," alisema. "Kila muuzaji ambaye siku yake imekuwa nzuri, aweke kitu. Nyanya, kitunguu, chochote. Wasiojiweza wachukue hapo. Tukitaka kumsaidia mtu, tumsaidie yeye mwenyewe. Tusifunge bei ya watu wote kwa sababu yake."

Mzee Wathome alikohoa. "Na mimi najua kusuka vikapu," alisema. "Hicho kikapu nitasuka mimi. Sitaki cha bure."

Watu wakapiga makofi.

Wakaanza kutunga sheria. Walibishana mpaka koo zikakauka, lakini zilitoka chache tu. Kipimo kiwe kamili, na debe la kitako cha uongo lichomwe. Njia kati ya magunia isizibwe. Mtu yeyote anayelipa ushuru wa soko anaweza kuuza, bila kuuliza kabila lake wala kijiji chake. Ugomvi usikizwe na watu waliochaguliwa, na pande zote mbili zisikizwe kabla ya kuamua.

Jentrix aliinua mkono. "Na mwenyekiti akivunja sheria?"

Kila mtu aligeuka kumwangalia Mbaluka.

Mbaluka alihisi masikio yanapata moto. Kiwandani hakuna aliyewahi kuuliza swali kama hilo. Lakini alikuwa mtu wa haki.

"Atatozwa faini kama mwingine," alisema. "Na kila mwaka apigiwe kura. Watu wakimchoka, waweze kumtoa kwa amani, bila matusi na bila mawe. Tuanze mwaka huu. Tuanze na mimi."

Nyanya hazikuja kesho yake. Mambo mazuri hayana haraka. Aliposikia amri imefutwa, Mulinge alikuwa wa kwanza kusimamisha pikapu yake, na bei ilikuwa ya juu. Watu walinung'unika. Wengine walinunua nusu ya walivyozoea. Wengine walipika bila nyanya. Kikapu cha Mzee Wathome kilikuwa mlangoni, kizuri kuliko kikapu chochote sokoni, na kila jioni kilikuwa na kitu ndani.

Habari zikafika Rombo na Loitokitok kwamba Kitengela nyanya zinalipa. Pikapu ya pili ikaja. Kisha ikaja lori. Wauzaji wakawa wengi, kila mmoja akimwita mteja kwa jina. Bei ikaanza kuteremka yenyewe, kidogo kidogo. Mvua ilipokatika na barabara kukauka, nyanya zilijaa mpaka Nthambi akawa anaongeza moja juu ya kila fungu, bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kura ikafika. Wagombea walikuwa wawili, Mbaluka na Jentrix. Kwa kuwa si wote waliojua kusoma, Nelima aliwaonyesha njia rahisi. Anayemtaka Mbaluka atumbukize harage kwenye mtungi. Anayemtaka Jentrix atumbukize punje ya hindi. Mtungi uliwekwa nyuma ya leso iliyotundikwa kama pazia, mtu aingie peke yake, asionekane ameshika nini.

"Tusipange milolongo nyuma ya wagombea?" aliuliza mwenye hoteli. "Ni haraka."

"Kwa mlolongo, jirani anakuona umesimama nyuma ya nani," alisema Nelima. "Labda una deni lake. Labda unamwogopa. Nyuma ya leso humwogopi mtu."

Wakapiga kura. Mtungi ukamwagwa juu ya gunia, mbele ya watu wote. Maharage yalikuwa mengi. Mahindi yalikuwa mengi zaidi.

Mbaluka aliyatazama mahindi yale. Kweli, yaliuma. Lakini alinyoosha mkono, akamshika Jentrix, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwenyekiti ni huyu." Vigelegele alivyopigiwa Jentrix vilikuwa vikubwa, na alivyopigiwa Mbaluka baada ya maneno hayo vilikuwa vikubwa zaidi.

Nyumbani jioni aliketi, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Mama Munyiva."

"Naam."

"Wewe ulimpigia nani?"

"Kura ni siri," alisema Nthambi, akamsogezea sukari.

Sasa Mbaluka alikuwa hana cheo. Akatandaza gunia lake kando ya la mkewe, akaanza kuuza viazi. Aliona ya kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko alivyodhani akiwa amesimama.

Miezi ilipita. Akina mama fulani kutoka kijiji jirani cha Tuala walianza kuleta sukuma wiki na kabichi, tena kwa bei nafuu. Wauza kabichi wa hapo Kitengela walienda kumlilia Jentrix. Jentrix aliita mkutano.

"Hawa wa Tuala wanatuharibia," alisema. "Nimeamua. Kuanzia Jumatatu, soko ni la watu wa Kitengela peke yao."

Wengine walishangilia. Akina mama wa Tuala waliinamisha vichwa, wakaanza kukunja magunia yao.

Mbaluka aliinua mkono. "Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, mzee."

"Sheria yetu inasema anayelipa ushuru anaweza kuuza, bila kuuliza kijiji chake. Hawa wamelipa?"

"Wamelipa. Lakini mzee, wanauza rahisi sana!"

"Kwa mnunuzi hiyo si dhambi. Kama sheria ni mbaya, tuijadili wote na tuibadilishe wote. Lakini mtu mmoja hawezi kuamka asubuhi na kusema, 'Nimeamua.' Mimi niliwahi kuamka hivyo. Unakumbuka tulikula nini."

Watu walicheka. Jentrix alimkazia macho. Alikuwa na ulimi mkali, na kila mtu alingoja kusikia atajibu nini. Mwishowe akacheka na yeye.

"Kiti hiki kina ugonjwa," alisema. "Ukikikalia tu, unaanza kuamuru. Haya, tusikie watu wanasema nini."

Walijadili kwa muda mrefu. Mama mmoja wa Tuala alipewa nafasi, akaeleza wanavyolima kwa maji ya kisima. Muuza kabichi wa Kitengela akasema kwamba yeye anaweza kwenda kununua kwao kwa jumla. Wengi wakaamua sheria ibaki ilivyo. Akina mama wa Tuala wakakunjua magunia yao tena.

Mbaluka alirudi kwenye viazi vyake. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa anamngoja. Alishika kiazi, akakigeuza, akakirudisha.

"Mzee, punguza kidogo."

"Nipunguze mpaka wapi, mama?"

"Mpaka tuelewane."

Mbaluka alitaja bei yake. Mama akataja yake. Mbaluka akashuka kidogo, mama akapanda kidogo. Nthambi aliwatazama kwa pembe ya jicho. Mtoto mgongoni alipiga miayo.

Wakaelewana.